Mumbai Karibu, Kariakoo Mbali

Ndege iondokayo Dar es Salaam kwenda Mumbai bila kutua njiani hukata kilometa 4,680 hivi, nayo kwa kawaida haikai angani saa sita kamili. Mfanyakazi akaaye Kerege, katika Wilaya ya Bagamoyo, na afanyaye kazi Kariakoo, husafiri kilometa 90 hivi kwa siku, kwenda na kurudi, lakini siku nyingi saa tano zake huishia garini. Tumeziweka hesabu hizi mbili pamoja kwa makusudi. Kila siku twaambiwa kwamba dunia imekuwa ndogo. Sisi hatubishi, twauliza tu imekuwa ndogo kwa nani.

Watu wa pwani hii hawakulijua jina la mji ule kwa kusoma tiketi ya ndege. Wazee wetu waliuita Bombay, na pembe za ndovu zilizoshuka kutoka bara mpaka Bagamoyo, kisha Unguja, nyingi ziliishia huko. Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, ambaye misafara mingi ilipata kwake mali na wapagazi, alikuwa wa ukoo uliotoka India. Kwa hiyo Bombay ilikuwa jirani yetu wa ng'ambo, lakini jirani ambaye humwendei utakapo. Ilibidi kungoja upepo. Kaskazi, ishikayo nguvu kama mwezi wa Desemba, ndiyo iliyoleta majahazi kwetu. Kusi ndiyo iliyoyarudisha. Mwenye chombo alikwenda mara moja na kurudi mara moja kwa mwaka, na aliyechelewa kupakia alikaa pwani akisubiri majira yageuke.

Tufanye hesabu. Kilometa 4,680 ni sawa na maili za baharini 2,530 hivi. Jahazi likienda maili tano kwa saa, mchana na usiku, bila kupumzika, litahitaji saa 506, yaani siku 21. Hiyo ni hesabu ya karatasi, na upepo hausomi karatasi.

Tunao mfano mmoja ulioandikwa kwa tarehe zake. Tarehe 30 Aprili 1864, Dr. Livingstone aling'oa nanga Unguja katika meli yake ndogo iliyoitwa Lady Nyassa, akaelekea Bombay, akafika tarehe 13 Juni. Ni siku 44, maana upepo ulilala siku nyingi na chombo kikabaki kikielea tu. Sisi tuliosoma katika shule za misheni tulikaririshwa jina la mwenye meli tangu utoto. Majina ya Waafrika waliofanya kazi ndani yake hatukuyasikia mpaka tulipokuwa watu wazima. Walikuwamo Susi na Amoda, watu wa Zambezi, na kijana Chuma, Myao aliyekuwa ameokolewa katika utumwa. Miaka kumi baadaye, Susi na Chuma ndio walioongoza wenzao kuubeba mwili wa bwana huyo huyo kutoka ndani ya bara, miezi tisa hivi njiani, mpaka wakaufikisha Bagamoyo mwezi Februari 1874. Twalitaja jambo hili kwa kuwa desturi ile haijafa. Hata leo, urefu wa safari unapotajwa, hutajwa abiria, na husahauliwa yule aamkaye usiku ili abiria apate kusafiri.

Baada ya majahazi zikaja meli za moshi. Hadi miaka ya 1970 meli mbili, Karanja na Kampala, zilikuwa zikienda na kurudi kati ya Bombay na bandari za Afrika ya Mashariki, na wapo wazee wanaozikumbuka vizuri. Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki, lililoundwa mwaka 1946, nalo lilikuwa na safari za Bombay. Shirika hilo lilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, na mwaka huo huo likazaliwa Shirika la Ndege la Tanzania. Historia yake ya kupanda na kushuka yajulikana, hatuirudii. Julai 2018 ilipokewa ndege ya kwanza ya aina ya Boeing 787-8, ndege iwezayo kukata karibu kilometa 900 kwa saa, na Julai 2019 ikaanza safari ya moja kwa moja kati ya Dar es Salaam na Mumbai.

Kuna wenzetu waliosema wakati ule, na wengine wasema hata sasa, kwamba ndege ni anasa, na kwamba fedha zile zingejenga zahanati. Hatukubaliani nao kwa jumla. Abiria apitaye Dubai kwenda Mumbai huzunguka kwa kilometa 1,200 hivi zaidi, na juu ya hizo huongeza saa za kungoja uwanjani, pengine usiku kucha kitini. Kwa mfanyabiashara huo ni usumbufu. Kwa mama aliyempakata mtoto mgonjwa wa moyo, ni jambo jingine kabisa. Wananchi wengi wamekwenda India kwa matibabu, na anayekwenda kwa sababu hiyo si mtalii. Njia ya moja kwa moja, ivukayo Ikweta juu ya bahari mashariki ya Somalia na kushuka kwa mwendo mmoja hadi Mumbai, ilikuwa neema kwake.

Hapa tutoe tahadhari kwa asiyezoea tiketi. Saa ya Mumbai iko mbele ya saa yetu kwa saa mbili na nusu. Ndege ikiondoka hapa saa 12 jioni na kuruka kwa saa tano na dakika 40, itatua huko saa yao ikisema ni saa 8 na dakika 10 za usiku. Msomaji wa tiketi ataona kwamba safari ni ya saa nane na zaidi. Wakati wa kurudi, safari ile ile itaonekana kuwa ya saa tatu na dakika 10 tu. Tulimfahamu bwana mmoja aliyeapa mbele ya watu kwamba ndege hurudi upesi kwa sababu njia ya kuja kwetu ni mteremko. Tulicheka, lakini hakuwa mjinga. Aliiamini karatasi kama wengi wetu tunavyoziamini karatasi za wakubwa. Saa iliyo ya kweli ni ile iliyopita juu ya mwili wa msafiri.

Basi na tuipime safari kwa kipimo hicho, kutoka mlango wa nyumba. Mwenyeji wa Kerege aendaye Mumbai atoka kwake na kupita Mapinga, Bunju, Boko na Tegeta, kisha aukate mji mzima mpaka uwanja wa ndege. Kwa kuwa hajui foleni itamfanyia nini, ajipa saa tatu za njiani. Uwanjani ametakiwa awepo saa tatu kabla ya ndege kuruka. Zimekwisha saa sita. Muda wa kutosha kufika Mumbai ameshautumia, naye angali Kipawa.

Hata hivyo msafiri huyo husafiri mara moja, pengine mara mbili katika maisha yake. Anayetusumbua moyo zaidi ni yule asafiriye kila siku.

Sisi tumeipanda njia hiyo mara nyingi, wala si kwa kuwatembelea wananchi na kupigwa picha, bali kwa kuwa ndiyo njia yetu. Saa kumi na moja alfajiri kituo cha Kerege kina watu. Utawaona mafundi wa ujenzi na mifuko ya zana, wanawake wenye vikapu vya mihogo na samaki, wanafunzi waliovaa sare huku macho yakiwa bado na usingizi, na walinzi wanaoshuka kutoka zamu ya usiku wakati wenzao wanapopanda. Magari yatokayo Bagamoyo kwenda Makumbusho huwasili yamekwisha kujaa. Kondakta husema ndani mna nafasi, na nafasi yenyewe ni ya mguu mmoja. Kutoka hapo mpaka Bunju gari hutembea. Kutoka Bunju mwendo hubadilika, na kadiri jua linavyopanda ndivyo magurudumu yanavyozidi kulala. Ukifika Makumbusho hujafika. Watafuta gari jingine la Kariakoo au Posta, na huko nako waanza upya kusukumana.

Asubuhi moja tuliketi na fundi mwashi ambaye kwa wakati ule alikuwa akijenga Upanga. Alituambia kwamba ana mtoto wa miaka minne ambaye humwona akiwa macho siku ya Jumapili tu. Siku nyingine zote baba huondoka mtoto amelala na kurudi mtoto amelala. Alilisema jambo hilo bila kulalamika, kama mtu asemaye kwamba mvua imenyesha, kisha akaegemeza kichwa chake kwenye kioo akasinzia.

Tukachukua penseli. Saa mbili na nusu kwenda na saa mbili na nusu kurudi ni saa tano kwa siku. Siku sita za kazi ni saa 30 kwa juma. Tukihesabu majuma 48 kwa mwaka, tukimwachia mengine kwa likizo, sikukuu na ugonjwa, zapatikana saa 1,440. Gawanya kwa 24: ni siku 60 kamili, mchana na usiku. Jahazi tulilolihesabu hapo juu, la kwenda Bombay kwa siku 21 na kurudi kwa siku 21, lingemaliza safari yake yote ya mwaka kwa siku 42. Maana yake ni kwamba mwashi wa Kerege hukaa safarini muda mrefu kuliko baharia wa jahazi aliyevuka Bahari ya Hindi na kurudi. Na baharia yule alirudi na bidhaa ya kuuza.

Saa hizo hazimo katika karatasi yoyote ya mshahara. Mwajiri huhesabu saa nane, mwili wa mfanyakazi huhesabu kumi na tatu. Akichelewa kwa dakika 20 hukatwa; akiwahi kwa dakika 40 kwa kuogopa foleni halipwi kitu. Hatusemi kwamba mwajiri alipe foleni. Twasema kwamba hasara hii ipo, ni kubwa, na inabebwa na mtu mmoja tu, naye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

Tunajua jibu tutakalopewa, maana tumekwisha kupewa: nani aliyemtuma akae Kerege? Jibu hilo ni la mtu aliyesahau historia na asiyetazama bei ya chumba. Katika miaka ya 1960 Kerege ilichaguliwa iwe mojawapo ya vijiji vya majaribio ya makazi mapya, mahali pa kulima mikorosho, na watu wakatiwa moyo wahamie huko. Wengine waliohamia miaka ya karibuni walisukumwa na kodi za mjini na kuvutwa na kiwanja walichoweza kukilipa kidogo kidogo. Wala si watu wachache. Katika sensa ya mwaka 2012 Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa 2,024,947. Mkoa umekaribia kuwa mara mbili kwa miaka kumi. Watu hawa hawakujificha porini; walijenga kando ya barabara kuu, mbele ya macho ya kila mtu. Mji wa Dar es Salaam hauwezi kuitaka mikono yao asubuhi na kuwakana jioni kwamba ni wa mkoa mwingine.

Tena hatusemi kwamba nchi haiwezi. Tangu mwaka 2024 liko garimoshi lisilo na moshi, liendalo kwa umeme, ambalo hukata zaidi ya kilometa 400 kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa muda wa saa tatu na nusu hivi. Msomaji na awaze: garimoshi hilo likiondoka kituoni saa ile ile anapopanda gari mwashi wetu wa Kerege, siku ya foleni mwashi atakapoweka mguu Kariakoo garimoshi litakuwa limeipita Morogoro zamani na kuiacha Kilosa nyuma. Safari iliyokuwa ya kutwa nzima kwa basi imekuwa ya asubuhi moja. Walioamua kufanya hivyo walijua kwamba saa ya mwananchi ina thamani. Basi thamani hiyo isiishie kwa mwenye safari ndefu peke yake.

Barabara ya mabasi yaendayo haraka ya awamu ya nne, itokayo katikati ya mji kwa njia ya Mwenge, ilipangwa ifike Tegeta. Ni jambo jema, na watu wa Kerege watafaidika nalo kwa kiasi. Lakini mpango uliochora mwisho wake Tegeta ulichorwa kana kwamba baada ya Tegeta kuna mikorosho tu. Baada ya Tegeta wako watu wa Boko, wa Bunju, wa Mapinga, wa Kerege, wa Zinga na wa Kiromo, mpaka Bagamoyo yenyewe. Ikiwa wahusika watangoja mpaka maeneo hayo yajae nyumba mpaka ukingoni mwa lami, watalipa fidia mara mbili ya ile wanayoweza kulipa sasa, na wataanza kutuambia kwamba fedha hazitoshi. Nafasi ya njia hiyo itengwe mapema.

Kuna njia nyingine ya kufupisha umbali, nayo hatuisikii ikisemwa vya kutosha. Ni kukileta kitu kilipo mtu. Tumesema juu ya wagonjwa wa moyo. Mwaka 2015 ilianzishwa hapa nchini Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, na tangu hapo wako wagonjwa wengi ambao zamani wangevuka bahari, nao sasa hupasuliwa na madaktari wetu, jamaa zao wakiwa nje ya mlango. Kwa wagonjwa hao hakuna ndege iliyofupisha safari ya Mumbai kama taasisi hiyo ilivyoifuta. Kwa nini basi fikira hiyo isifike Kerege? Mtu asilazimike kwenda mjini kwa karatasi ya kiwanja, kwa cheti, kwa malipo yanayoweza kupokewa katika ofisi ya kata. Viwanda vidogo na karakana vikaribishwe upande huu wa Bunju, ambako mafundi wenyewe ndiko wanakolala. Si kila anayepanda gari saa kumi na moja anakwenda kufanya kazi ambayo haiwezi kufanyika penginepo isipokuwa Kariakoo.

Lakini hayo yatachukua miaka, na mwashi wetu ataamka kesho. Kwa ajili ya kesho twataka mambo mawili madogo. Kwanza, magari yaongezwe katika njia ya Bagamoyo kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa mbili asubuhi, na tena jioni, na yazuiwe kukatisha safari Bunju pindi kondakta aonapo faida ya kugeuza. Pili, wanaotutangazia kila mwaka kilometa za lami zilizojengwa watutangazie pia saa: kutoka Kerege mpaka Kariakoo mwaka jana ilikuwa saa ngapi, na mwaka huu ni saa ngapi. Kwa ndege hufanya hivyo. Hakuna anayetangaza safari ya Mumbai kwa kilometa.

Ili tusionekane kuwa twawatwika wengine mzigo, tutaanza sisi. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi tutapanda gari kituoni Kerege saa kumi na moja alfajiri, na siku inayofuata tutaandika katika ukurasa huu saa tuliyoshuka Kariakoo.